Vibonye Vinavyojibu

Simu ilimkuta Shangazi juu ya paa la lifti, ndani ya shimo la jengo la ofisi, mikono imejaa grisi. Aliipokea kwa kidole cha mwisho, akaibana kati ya sikio na bega. Aliyepiga alikuwa binti wa marehemu mdogo wake, yule anayeandika programu za kompyuta katika mji wa mbali, na ambaye harusi yake ilikuwa imekaribia.

"Shangazi, Mama amekataa."

"Amekataa nini? Bwana harusi?"

"Bwana harusi anampenda kuliko anavyonipenda mimi. Amekataa kunipigia kinanda. Anasema nitafute mtu mwingine, eti vidole vyake vimechoka."

Shangazi alikuwa na mengi ya kusema juu ya wifi yake, na hakuwahi kuyabania. Lakini vidole kuchoka? Hilo hata yeye hakuliamini. Mwanamke yule alipiga kinanda kanisani akiwa na mimba ya binti huyuhuyu, tumbo likigusa meno ya kinanda. Alipiga hata Jumapili ya kwanza baada ya kumzika mume wake.

"Kamuulize wewe," binti akasema. "Mimi ananijibu kama karani."

"Mimi na mama yako tumeanza lini kuulizana?"

"Ndiyo maana nakutuma. Wewe humwonei haya."

Hapo binti alisema kweli. Shangazi alikuwa fundi wa lifti, mwanamke mwenye mabega mapana na maneno machache yasiyo na sukari. Hakuolewa, na hakuona sababu ya kumweleza mtu. Mtu aliyempenda kupita wote duniani alikuwa mdogo wake, na mdogo wake akaoa mpiga kinanda ambaye waumini wote walimwita Mama Kinanda. Shangazi aliamini kwamba mwanamke huyo alimtumikisha ndugu yake. Mwanamume mzima alikuwa akipika, akifua, akipiga pasi, na kila Jumapili, na kila jioni ya mazoezi ya kwaya, alikuwa akikaa benchi la mbele kama mlinzi, hatoki mpaka mkewe amalize. Siku moja kwenye sherehe ya familia Shangazi alisema, wala hakunong'ona, "Ndugu yangu ameoa kinanda, mke amekuja kama kipuri." Watu walicheka. Mama Kinanda hakucheka, na tangu siku ile wawili hao walisalimiana vizuri sana, kama wanavyosalimiana watu wasiopendana.

Na kinanda chenyewe alikitengeneza huyo ndugu. Kanisa lilikuwa na kinanda cha mabomba cha zamani, kile kinachopumua hewa kama kiumbe. Mabomba yakaoza, panya wakatoboa mifuko ya hewa, wazee wa kanisa wakasema kitupwe. Mdogo wake Shangazi hakuweza kukiona kitu kibovu akapita. Alichukua meno ya kinanda, pedali za miguu na benchi lake, akaviunganisha na kompyuta, kisha akaandika programu mwenyewe, usiku baada ya kazi. Ndani ya kompyuta mlikuwa na sauti za mabomba ya kweli, yaliyorekodiwa moja moja katika kanisa la mbali. Ukibonyeza jino hapa, bomba la kule linaimba kupitia spika zilizofichwa nyuma ya pazia. Wageni walikuwa wakiinua macho kutafuta mabomba ukutani.

Chini ya kila safu ya meno alipanga vibonye vya mviringo. Kila kibonye kilikumbuka kundi la sauti. Mpigaji akikigusa kwa kidole gumba, filimbi zinaondoka na tarumbeta zinaingia kwa mkupuo mmoja, bila yeye kuacha kupiga. Halafu, asubuhi moja, mdogo wake Shangazi akifunga kamba za viatu, moyo wake ukasimama.

Jumamosi Shangazi alikwenda kwa wifi yake kwa kisingizio cha kuazima keekee ya kutobolea mbao iliyokuwa ya marehemu. Mama Kinanda alimfungulia mlango akiwa amevaa kanga kiunoni na miwani kichwani.

"Karibu wifi. Keekee ziko mbili, chukua zote."

"Moja inanitosha. Nimesikia unamwachia binti yako harusi bila kinanda."

"Na wewe umetumwa."

"Nimetumwa, ndiyo. Ningekuja kwa hiari ungeshtuka."

Mama Kinanda alitabasamu bila kutaka. Alimimina chai, akakaa, akakizungusha kikombe mezani. "Vibonye havina taa," akasema mwishowe. "Nabonyeza, sijui kipi kimeshika. Kompyuta marehemu aliiweka pembeni, maandishi yake madogo kama chawa. Macho yangu si yale. Siku ya harusi ya mwanangu nikikosea, nitajificha wapi?"

"Taa tu?" Shangazi akaweka kikombe chini. "Wifi, unajua mimi nalipwa kwa kazi gani? Maisha yangu yote ni vibonye vyenye taa. Ungesema tangu mwanzo."

"Tangu lini mimi na wewe tukaambiana?"

Shangazi alikunywa chai.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda kanisani mchana na sanduku lake la zana. Hapakuwa na mtu ila mama mfagiaji, aliyekuwa akisogeza mabenchi. Shangazi alilegeza skrubu za ubao wa mbele wa kinanda, akauvuta, akakuta kazi ya mdogo wake ndani: nyaya zimelazwa sambamba, zimefungwa kwa uzi mweupe kila baada ya kiganja, kama nywele zilizosukwa. Alikaa kwenye sakafu akiziangalia muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akaanza. Alitoa vibonye vya zamani, akaweka vipya vya plastiki inayopitisha mwanga, kila kimoja na kitaa chake nyuma, akalehemu, akapima, akarudisha ubao. Alitengeneza kwa njia nyepesi kuliko zote: kidole kikibonyeza, taa ya kibonye hicho inawaka na ya jirani inazima.

Mama Kinanda alipokuja jioni, alisimama mbele ya kinanda. Alibonyeza kimoja. Kikawaka rangi ya njano iliyoiva. Akabonyeza kingine, kikawaka, cha kwanza kikalala.

"Wifi," akasema.

"Kaa upige, usiniangalie."

Alikaa. Alianza na wimbo wa kuingilia, wa shangwe, sauti zote zimefunguliwa, hata zile filimbi za juu kabisa zenye makali kama ya birika linalochemka. Shangazi hakujua muziki, lakini alihisi benchi likitetemeka chini yake. Wimbo ukaisha. Mama Kinanda akabonyeza kibonye cha sala, kile cha kuondoa makelele yote na kubakiza sauti chache laini. Taa ikawaka. Akafumba macho, akapiga polepole.

Mama mfagiaji akaachia ufagio, akaziba masikio.

Filimbi za juu hazikuondoka. Zilikuwa zikipiga kelele moja kwa moja, juu ya wimbo wa sala, kali, kama king'ora cha gari la wagonjwa. Shangazi alisubiri wifi yake ashtuke. Hakushtuka. Uso wake ulikuwa umetulia, shingo imeinama kidogo upande, midomo ikitamka maneno ya wimbo. Alipiga mpaka mwisho, akafumbua macho, akageuka na furaha usoni.

"Umeisikia hiyo? Laini kama pamba."

Shangazi alimtazama mama mfagiaji. Mama mfagiaji akaokota ufagio, akatoka nje taratibu, akavuta mlango.

"Wifi," Shangazi akasema, akisogea mpaka mbele ya uso wake. "Zile filimbi za juu. Unazisikia?"

Furaha ile ikafifia usoni mwa Mama Kinanda, taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

"Zilikuwa zinapiga?"

"Zilikuwa zinapiga."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Mama Kinanda aliinua mikono kutoka kwenye meno ya kinanda, akaiweka mapajani. "Si macho," akasema. "Nilikudanganya. Sauti za juu zimeniondokea, moja moja, kama wageni wanaoondoka bila kuaga. Kwanza ndege wa asubuhi. Halafu kengele ya mlangoni. Juzi hapa kanisani watu walikuwa kwenye sala ya kimya, mimi napiga najua napiga chinichini, nikaona mtoto mmoja ameziba masikio. Mwalimu wa kwaya kwa adabu yake akaniambia kompyuta imeharibika. Nikamkubalia."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu. Ndugu yako alijua kabla yangu."

"Alijua?"

"Wewe unafikiri alikuwa anakaa pale benchi la mbele kwa sababu gani? Kunilinda nisiibwe?" Alicheka kidogo, kicheko chenye machozi. "Nikibadilisha sauti namwangalia. Akigusa kifua, sauti ni laini. Akigusa sikio, za juu zimebaki. Hakukosa hata siku moja, hata akiwa na homa. Alitaka kuniwekea hizi taa, alikuwa ndiyo ameanza kutafuta vibonye. Tangu aondoke, napiga kwa kubahatisha."

Shangazi alikaa kwenye benchi la kinanda, kando yake, akiwa hajakaribishwa. Aliliangalia benchi la mbele. Alikumbuka jinsi alivyomwona ndugu yake pale Jumapili zote, mgongo wima, na jinsi yeye alivyokuwa akimwonea huruma na kumchukia mwanamke aliye kwenye kinanda. Hakuwahi kumtazama ndugu yake mikono.

"Nilisema wewe ni kipuri," akasema.

"Nakumbuka."

"Nisamehe, wifi."

"Niliudhika miaka mingi," Mama Kinanda akasema. "Yeye ndiye alicheka mpaka akapaliwa. Alisema dada yake hajui kusifu, ila kwa dada huyo kipuri ni kitu cha maana kuliko mashine yenyewe."

Wakacheka, na katika kucheka huko mmoja alimshika mwenzake mkono, na baadaye hakuna aliyekumbuka nani alianza.

Shangazi ndiye aliyerudi kwenye kazi kwanza. Alilaza mgongo sakafuni, akaingiza kichwa ndani ya kinanda na tochi mdomoni, akakuta waya mmoja umechomoka alipouvuta ubao. Kibonye kiliwaka, lakini habari haikufika kwenye kompyuta.

"Kosa ni langu, na si waya peke yake," akasema akitoka na vumbi usoni. "Sikiliza. Kwenye lifti, taa ya kibonye haiwashwi na kidole. Unabonyeza, ombi linakwenda kwenye mtambo, mtambo ukikubali ndiyo unarudisha taa. Ukiona imewaka, ujue lifti imekusikia. Mimi nimekuwekea taa ya kidole. Inakuambia umebonyeza, na hilo unalijua tayari. Taa yako inatakiwa itoke kwenye kompyuta, baada ya sauti zenyewe kubadilika."

"Na kompyuta itajuaje kunijibu?"

"Hapo sasa tunamhitaji bibi harusi."

Mama Kinanda akatikisa kichwa haraka. "Atajua."

"Ajue."

Walimpigia siku iliyofuata, simu imeegemezwa kwenye kitabu cha nyimbo ili awaone wote wawili. Kuwaona wamekaa benchi moja kulimfanya binti aulize nani amefariki. Mama yake alimweleza mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, macho yake yakiwa kwenye meno ya kinanda. Binti alisikiliza. Uso wake kwenye simu ulikunjamana, ukakunjuka.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?"

"Ungenihurumia."

"Nisingekuhurumia. Ningekuandikia programu."

"Basi andika," Shangazi akaingilia, kwa sababu aliona wote wawili wanakaribia kulia na yeye hakuwa na kitambaa.

Lakini binti hakukimbilia. Programu ya baba yake alikuwa nayo, nakala nzima, na tangu msiba hakuwahi kuifungua. Alisema aliogopa kuigusa. Kila mstari aliuandika baba yake, na akibadilisha kitu, itakuwa si ya baba yake tena.

"Mimi nimetoa vibonye vyake vyote jana," Shangazi akamwambia. "Nimevifunga kwenye taulo, viko nyumbani. Nyaya zake zimebaki palepale. Kitu kinachofanya kazi lazima kiguswe, mwanangu. Kisichoguswa ni pambo."

Binti aliifungua jioni ileile, simu ikiwa bado hewani. Dakika chache tu, wakamsikia anacheka peke yake.

"Mnajua Baba ameziitaje sauti humu ndani? Si majina yanayoonekana kwenye kioo cha kompyuta. Ile filimbi nyembamba kuliko zote anaiita Mbu. Bomba la chini kabisa ni Babu Anakoroma. Na kuna tarumbeta moja hapa..." Akasita.

"Sema."

"Inaitwa Dada Yangu."

Mama Kinanda alicheka mpaka akavua miwani. Shangazi alitaka kukasirika, akashindwa.

Kazi iliwachukua jioni kadhaa. Shangazi aliweka bodi ndogo ya umeme ndani ya kinanda, yenye waya unaorudi kutoka kwenye kompyuta, na binti akaandika mistari ya kuifanya programu ijibu: sauti zikishabadilika kweli, itume habari, taa iwake. Walibishana. Binti alitaka kujua, Mama akibonyeza kibonye kisha akaongeza sauti moja kwa mkono, taa ifanye nini, kwa kuwa kundi si lilelile tena.

"Izime," Shangazi akasema.

"Ikizima nitashtuka," Mama Kinanda akasema. "Nitadhani vyote vimepotea. Ififie tu. Nijue niko nyumba hiyohiyo, ila nimehamisha kiti."

Binti akaandika hivyohivyo. Mama alikataa pia rangi nyekundu, akisema rangi hiyo ingemwambia amekosea hata akiwa hajakosea. Njano ilikuwa kali mno mwanzoni, ikimrudia kwenye miwani, Shangazi akaongeza rezista ya kupunguza umeme kwenye kila kitaa mpaka mwanga ukawa wa kutazamika. Siku walipojaribu mara ya kwanza, alibonyeza kile kibonye cha sala, pakapita muda mfupi kama wa kupepesa jicho, kisha taa ikaja. Muda ule mfupi ndio uliomfurahisha Mama Kinanda. Alirudia tena na tena.

"Inafikiri kwanza," akasema. "Halafu inanijibu."

Siku ya harusi Shangazi alikaa pembeni ya benchi la kinanda, amevaa gauni ambalo kila mshono wake ulimkera, bisibisi ndani ya mkoba. Kanisa lilijaa. Bwana harusi alikuwa mbele, jasho linamtoka. Milango ikafunguliwa, binti akaingia ameshikwa mkono na mjomba wake, na Mama Kinanda akapiga wimbo wa kuingilia hata spika zikatikisa pazia.

Binti alipofika mbele, ikawa zamu ya wimbo wa chini. Mama alibonyeza kibonye cha sala. Taa haikuja.

Shangazi aliingiza mkono kwenye mkoba. Mama Kinanda hakumwangalia. Vidole vyake vilibaki vimeinuliwa juu ya meno, kanisa zima limenyamaza, binti amesimama na shela yake. Akabonyeza tena, kwa nguvu kidogo zaidi. Ikawaka. Akateremsha mikono, na sauti iliyotoka ilikuwa laini kweli. Shangazi aligeuka kumtafuta mama mfagiaji katikati ya watu, akamwona, na mama mfagiaji alikuwa ametulia, mikono yake kifuani.

Baada ya ibada mwalimu wa kwaya alikuja kumpa mkono. "Ule mkato kabla ya wimbo wa pili, Mama! Nywele zilinisimama."

"Ulipangwa," Shangazi akamjibu.

Watu walitoka nje kupiga picha. Mama Kinanda hakuinuka. Alizima sauti zote, akabonyeza kibonye cha kubakiza filimbi moja tu, ile nyembamba iitwayo Mbu, akaangalia taa yake ndogo ikiwaka. Aliweka kidole kwenye jino la mwisho kabisa mkono wa kulia, akalishikilia.

"Inalia?"

"Inalia."

"Mimi nasikia kidole changu tu kinagonga. Ikoje?"

Shangazi hakuwahi kuulizwa swali la namna hiyo. Alijua kueleza mlio wa beringi iliyokauka, na wa kamba inayokaribia kukatika. Aliinamisha kichwa, akasikiliza.

"Ni kama... mtu anapiga mluzi nyumba ya jirani," akasema. "Anaosha vyombo. Hajui kama kuna anayemsikia."

Mama Kinanda aliyapokea maneno hayo akitikisa kichwa polepole. Alisogeza kidole jino linalofuata.

"Na hii?"

"Huyohuyo. Ameona mtu wake anakuja barabarani."

"Endelea," Mama Kinanda akasema, na kidole chake kikasogea tena. Walikuwa bado hapo, mmoja akibonyeza na mwingine akitafuta maneno, bibi harusi alipoingia mwenyewe, shela mkononi, kuwaita kwenye picha.